Uzio Pepe katika Malisho ya Ng'ombe wa Maziwa: Ujifunzaji wa Mnyama, Mgao wa Nyasi na Mipaka ya Teknolojia

1.0 Utangulizi

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini New Zealand umejengwa juu ya nyasi. Ng'ombe wengi hukaa nje mwaka mzima, hula raigrasi na klova, na kwa kawaida hukamuliwa mara mbili kwa siku. Shamba hugawanywa katika vitalu, na kitalu nacho hugawanywa katika vipande vinavyofunguliwa kimoja kimoja kila baada ya saa 12 au 24, ili kundi lipate nyasi mpya bila kuzikanyaga zile za kesho. Tangu miaka ya 1930, Bill Gallagher wa mkoa wa Waikato alipoanza kutengeneza vifaa vya uzio wa umeme, kazi hiyo ya kugawa imekuwa ikifanywa kwa waya mmoja mwembamba, gurudumu la kuukunjia, na vigingi vyepesi vinavyohamishwa kwa mkono. Ni kazi ya kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, na haina likizo.

Katika mashamba kadhaa ya nchi hiyo, na ya jimbo la Tasmania nchini Australia, waya huo wa ndani sasa umeanza kuondolewa. Nafasi yake imechukuliwa na uzio pepe, yaani mpaka uliochorwa kwenye ramani ya simu au kompyuta, usioonekana ardhini, ambao ng'ombe huutambua kwa ishara zinazotolewa na kola aliyovaa shingoni. Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Uzio wa mbao au wa waya huuzuia mwili wa mnyama. Uzio pepe hauuzuii. Ng'ombe anayeamua kuvuka ana uwezo wa kuvuka, na hakuna kitakachomshika. Kinachomrudisha ni jambo alilojifunza hapo awali. Makala hii inashikilia kwamba ufanisi wa uzio pepe, athari zake kwa ustawi wa mnyama, na mipaka ya matumizi yake vyote vinatokana na ukweli huo mmoja. Kwa ng'ombe wa maziwa ukweli huo una uzito wa pekee, kwa sababu mpaka wao huhamishwa kila siku, na kosa lolote katika mgao wa chakula huonekana haraka katika kiasi cha maziwa.

2.0 Chimbuko na utendaji wa uzio pepe

Wazo la kumzuia mnyama kwa ishara badala ya kizuizi lilianza kwa mbwa wa nyumbani nchini Marekani katika miaka ya 1970. Waya ulifukiwa ardhini kuzunguka ua, na kola ya mbwa ikapokea mawimbi ya redio kila alipoukaribia. Mfumo huo haukuwafaa ng'ombe wa malishoni, kwa kuwa waya uliofukiwa hauhamishiki. Ilibidi kusubiri setilaiti za GPS, betri ndogo na paneli ndogo za jua ndipo kola yenyewe iweze kujua mahali ilipo na kujitegemea kwa nishati. Nchini Australia, shirika la taifa la utafiti wa sayansi, CSIRO, lilifanya kazi ya msingi iliyozaa kola ya eShepherd. Nchini Norway, kampuni ya Nofence ilianza na mbuzi kabla ya kuingia kwa kondoo na ng'ombe. Nchini New Zealand, Craig Piggott, aliyekulia katika shamba la maziwa la Waikato, alianzisha kampuni ya Halter mwaka 2016, na tangu mwanzo alilenga ng'ombe wa maziwa.

Mifumo hii inatofautiana katika undani wake, lakini kanuni ni moja. Kola hulinganisha mahali ng'ombe alipo na mpaka uliochorwa. Anapoufikia mpaka, kola hutoa sauti. Akisimama au akigeuka, sauti hukoma na hakuna kinachofuata. Akiendelea mbele, hupata mshtuko mfupi wa umeme. Akiendelea tena, mzunguko hurudiwa, na baada ya mishtuko michache mfululizo mfumo kama wa Nofence huacha kumwadhibu, humhesabu kuwa ametoroka, na kumjulisha mfugaji. Akiamua kurudi ndani kutoka upande uliokatazwa, kola hukaa kimya: njia ya kurudi huachwa bure makusudi, kwani mnyama aliyepigwa akienda na kupigwa akirudi hawezi kuambua somo lolote. Kola za Halter huongeza jambo la pili. Sauti inayotolewa upande mmoja wa shingo humwelekeza ng'ombe ageukie wapi, na mtetemo humhimiza asonge mbele, hivyo kundi linaweza kuitwa kutoka malishoni hadi kwenye banda la kukamulia bila mtu kulifuata kwa pikipiki au mbwa.

Watetezi wa teknolojia hii hupenda kueleza kwamba nguvu ya mshtuko wa kola ni sehemu ndogo tu ya ile ya uzio wa kawaida wa umeme. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Waya wa umeme unaonekana. Ng'ombe anajua ulipo, na ndiye anayeamua kuugusa au kutougusa. Mpaka pepe hauna umbo. Kwa hiyo, kupima ustawi wa mnyama kwa kiasi cha umeme pekee ni kupima kitu kilicho rahisi kupimika na kuliacha swali lenyewe.

3.0 Ng'ombe anajifunza nini

Swali hilo liliwekwa wazi na watafiti wa CSIRO, Caroline Lee, Ian Colditz na Dana Campbell, katika makala yao ya mwaka 2018 kuhusu namna ya kutathmini teknolojia mpya za kuwasimamia wanyama. Kwa maoni yao, uzito wa msongo anaoupata mnyama hutegemea mambo mawili: kama anaweza kulitabiri tukio, na kama anaweza kulidhibiti. Mshtuko unaotanguliwa na sauti ileile kila mara unatabirika. Mshtuko unaoepukika kwa kugeuka unadhibitika. Ng'ombe aliyekwisha kuelewa uhusiano huo anaishi na uzio pepe kama anavyoishi na waya. Ng'ombe ambaye bado hajauelewa yuko katika hali nyingine kabisa: anapata maumivu yasiyo na chanzo anachoweza kukiona, mahali ambapo jana alikula bila tatizo.

Tofauti kati ya ng'ombe hao wawili ni mafunzo. Kwa kawaida kundi huanzishwa katika kitalu chenye uzio halisi, na mpaka pepe huchorwa sambamba na waya unaoonekana, ili jicho lisaidie sikio. Kisha waya huondolewa na sauti hubaki peke yake. Ng'ombe wengi huelewa ndani ya siku chache. Kipimo kinachotumiwa na watafiti ni uwiano kati ya sauti na mishtuko: mwanzoni sauti nyingi huishia katika mshtuko, na kadiri siku zinavyopita sauti huendelea kutolewa huku mishtuko ikipungua. Uwiano usiposhuka, ng'ombe hajajifunza. Na hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuongeza nguvu ya umeme.

Hapa kuna jambo ambalo katika ufugaji wa maziwa ni la kufa na kupona. Je, ng'ombe hujifunza sauti, au hujifunza mahali? Angejifunza mahali, yaani angekariri kwamba eneo fulani la kitalu lina madhara, angekataa kuingia humo hata baada ya mpaka kusogezwa, na malisho ya vipande yangeshindikana siku ya pili. Majaribio ya Australia yaliyohamisha mpaka baada ya ng'ombe kuuzoea yameonyesha kwamba wanyama huingia katika eneo lililokuwa limefungwa, ingawa baadhi husita kwanza. Wanachokifuata kwa sehemu kubwa ni sauti. Kusita kwa muda mfupi si hasara kubwa kwa ng'ombe wa nyama aliye katika ranchi ya maelfu ya hekta. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, aliyetoka bandani akiwa na njaa na mwenye saa chache za kula kabla ya ukamuaji unaofuata, kila saa ya kusita ni nyasi ambazo hazikuliwa.

Ujifunzaji huu pia si wa mnyama mmoja mmoja tu. Ng'ombe ni mnyama wa kundi. Baadhi yao hupata mishtuko michache mno katika kipindi chote cha majaribio kwa sababu huwatazama wenzao, nao wakigeuka, wao hugeuka pia. Kwa mfugaji hiyo ni faida. Kwa mtafiti ni tatizo, maana wastani wa kundi unaweza kuonekana mzuri huku ng'ombe mmoja mwenye pupa, anayetangulia daima, akibeba mishtuko mingi kwa niaba ya wengine. Ripoti inayotoa wastani peke yake bila kuonyesha mtawanyiko kati ya mnyama na mnyama inaficha sehemu muhimu ya matokeo.

4.0 Mgao wa nyasi na hesabu ya kosa

Ushahidi kwamba uzio pepe unaweza kuwazuia ng'ombe wa maziwa upo. Chuo Kikuu cha Sydney kilichapisha mwaka 2019 jaribio la ng'ombe wasiokuwa wakikamuliwa waliolishwa kwa vipande, na walibaki ndani ya mpaka takriban muda wote. Mwaka 2021, watafiti wa Tasmania wakaenda hatua ya mbele kwa kutumia ng'ombe wanaokamuliwa, katika malisho ya vipande ya aina ileile inayotumika mashambani. Mwaka 2024, watafiti wa taasisi ya Agroscope nchini Uswisi waliripoti kuhusu viashiria vya msongo kwa ng'ombe wa maziwa waliokuwa wakiuzoea uzio pepe, vikiwemo vya homoni ya kotisoli katika maziwa, na hawakukuta dalili za msongo wa kudumu ikilinganishwa na uzio wa umeme. Matokeo haya yanatia moyo. Yanahusu, hata hivyo, makundi madogo yaliyoangaliwa kwa karibu kwa siku au wiki chache, ilhali shamba la wastani la New Zealand lina ng'ombe zaidi ya 400 na linafanya kazi msimu baada ya msimu.

Ili kuelewa kwa nini usahihi wa mpaka ni suala la maziwa, ni muhimu kuitazama hesabu anayoifanya mfugaji. Raigrasi hulishwa vizuri inapokuwa na majani mawili hadi matatu kwa kila chipukizi. Ikiwahiwa, mizizi haijarudisha akiba yake, na ikicheleweshwa, jani la kwanza huanza kufa na ubora hushuka. Kwa kipimo cha uzito wa nyasi zilizokaushwa, kundi huingia katika kitalu chenye takriban kilo 3,000 kwa hekta na kutoka zikibaki takriban kilo 1,500. Ng'ombe mmoja akila kilo 16 kwa siku, kundi la ng'ombe 400 linahitaji kilo 6,400, sawa na hekta 4.3. Katika kitalu chenye upana wa mita 200, kipande hicho kina urefu wa mita 213. Ikiwa mpaka umekosewa kwa mita 5, tofauti ni kilo 150 za nyasi, yaani asilimia 2.3 ya mgao. Mfanyakazi anayekadiria kwa hatua za miguu hukosea kiasi hicho au zaidi.

Hesabu hubadilika kundi linapokuwa dogo. Ng'ombe 20 wanahitaji kilo 320, sawa na eneo la mita za mraba 2,133. Katika kitalu chenye upana wa mita 50, urefu wa kipande ni takriban mita 43, na kosa lilelile la mita 5 ni kilo 37.5, karibu asilimia 12 ya chakula cha siku. Kwa kila ng'ombe hiyo ni karibu kilo 1.9, nishati inayokaribia ile ya kuzalisha lita tatu hadi nne za maziwa. Ni kweli kwamba kosa la GPS halisukumi mpaka wote upande mmoja. Hutikisika, na kila kola ina kosa lake kwa wakati wake, hivyo mpaka pepe kwa hakika ni ukanda wenye upana wa mita chache ambamo kila ng'ombe ana mstari wake. Hesabu iliyotolewa hapa basi ni ya hali mbaya. Lakini inaonyesha mwelekeo: kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, ndivyo ukanda huo unavyokula sehemu kubwa zaidi ya malisho yenyewe.

Kwa sababu hiyo, ni vigumu kuona namna teknolojia hii, katika umbo lake la sasa, inavyoweza kuhamishiwa moja kwa moja kwa wafugaji wadogo wa maziwa wa nyanda za juu za Kenya au miteremko ya Kilimanjaro. Huko ng'ombe wawili au watatu hulishwa bandani kwa majani ya kukata, na anayetolewa nje hufungwa kamba kwenye kigingi. Kamba ya mita nane haina kosa la setilaiti, haihitaji mnara wa mawasiliano, na bei yake inajulikana sokoni. Pale ambapo mashamba makubwa ya maziwa yenye vitalu vya nyasi yapo, hoja ni nyingine, na utafiti wa huko ungepaswa kuanza na mafunzo ya ng'ombe na ubora wa mawasiliano kabla ya kufikiria faida.

Faida iliyo wazi zaidi huenda haiko katika mgao hata kidogo, iko njiani. Katika mashamba makubwa ng'ombe hutembea kilomita kadhaa kwa siku kati ya malisho na banda. Wakisukumwa na pikipiki kwa nyuma hubanana, hushindwa kutazama wanapokanyaga, na kwato huumia. Uchechemeaji ni miongoni mwa maradhi ghali zaidi ya ng'ombe wa maziwa. Kundi linaloitwa kwa kola huondoka kwa mwendo wake, wa mbele wakitangulia na walio dhaifu wakifuata. Zaidi ya hayo, kola ileile hurekodi muda wa kucheua na mienendo ya mwili, na kwa hiyo inaweza kumjulisha mfugaji kwamba ng'ombe fulani yuko kwenye joto au anaumwa. Mara nyingi wafugaji hununua uzio, lakini taarifa hizi ndizo wanazozitazama kila asubuhi.

5.0 Sheria, na mahali ambapo waya hubaki

Sheria za ustawi wa wanyama ziliandikwa kabla ya kola hizi kuwapo, na kila nchi imelazimika kuuliza kama uzio pepe ni uzio au ni kifaa cha kumwadhibu mnyama kwa umeme. Nchini Australia suala hilo ni la majimbo, na matokeo yake ni kwamba kola ileile ilikubalika Tasmania huku New South Wales ikiendelea kuizuia kwa miaka kadhaa. Ujerumani ina kifungu kinachokataza vifaa vinavyotumia umeme moja kwa moja kwa mnyama na kubana tabia yake ya asili kwa kiasi kikubwa. New Zealand, kwa upande wake, iliongeza mwaka 2015 katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 1999 utambuzi kwamba wanyama ni viumbe wenye hisia. Utambuzi huo hauikatazi kola. Unamtaka anayeitumia aweze kuonyesha kile ambacho mnyama anakipitia.

Hilo linawezekana zaidi kuliko ilivyowahi kuwezekana kwa waya. Hakuna aliyewahi kuhesabu ni mara ngapi ng'ombe fulani aliguswa na uzio wa umeme katika maisha yake. Kola huhesabu kila sauti na kila mshtuko, kwa jina na kwa saa. Takwimu za kumpima mfumo zipo, zimekaa katika hifadhidata za makampuni, na sheria nyingi hazimlazimishi mtu yeyote kuzitoa. Mdhibiti angeweza kudai jambo moja tu lenye manufaa makubwa: kwamba ng'ombe ambaye uwiano wake wa mishtuko haujashuka baada ya muda maalumu wa mafunzo avuliwe kola na kurudishwa nyuma ya waya. Wapo wachache wa namna hiyo katika kundi lolote, na kuwalazimisha ni kuwatesa bila kupata uzio.

Upo pia upande wa pili, wa mahali ambapo kutoroka kwa ng'ombe mmoja hakuvumiliki. Uzio pepe hufanya kazi kwa uwezekano. Hufaulu mara nyingi mno, lakini si mara zote. Ng'ombe aliye kwenye joto hutangatanga. Mama aliyezaa humfuata ndama, na ndama hana kola. Kundi lililoshtushwa na mbwa mgeni hukimbia na kuvuka mpaka kabla ya sauti kumalizika. Betri huisha, kola hukatika, mawasiliano hupotea nyuma ya kilima. Waya ukikatika mtu huuona; kola ikizimika hakuna kinachoonekana, na ng'ombe huendelea kula kwa utulivu mpaka siku atakapoona nyasi nzuri upande wa pili. Kwa sababu hizo, uzio wa nje wa shamba, hasa unaopakana na barabara, hubaki wa waya hata katika mashamba yaliyoondoa waya wote wa ndani.

Kingo za mito ziko katikati ya hali hizo mbili. Kanuni za New Zealand za mwaka 2020 za kuzuia mifugo kuingia mitoni zinawahusu ng'ombe wa maziwa, na kwa mito yenye upana unaozidi mita 1 zinaweka umbali wa kawaida wa angalau mita 3 kutoka ukingoni. Umbali huo ni mdogo kuliko ukanda wa mashaka wa kola nyingi. Mfugaji anayetaka kuulinda mto kwa mpaka pepe peke yake hulazimika kuuchora mbali zaidi na maji kuliko sheria inavyomtaka, na kuyaacha malisho yaliyo kati yasiliwe. Baadhi yao hufanya hesabu hiyo na kubakiza waya.